Fundi Kesho na Diski Nzima

Watu walimwita Fundi Kesho, naye alilipokea jina hilo kwa moyo mkunjufu, akidhani limetokana na matumaini yake. Kwa kweli lilitokana na mdomo wake. Mteja akichungulia dukani kuulizia suti, jibu lilikuwa moja tu: iko tayari, bado vifungo, pita kesho. Wakati huo suti yenyewe huenda ilikuwa bado kitambaa, kimekunjwa chini ya meza na paka amekilalia. Si kwamba Fundi alikuwa mwongo wa kupanga. Mwongo wa kupanga hukaa chini akafikiri. Fundi hakufikiri, neno "ndiyo" lilimtoka tu kama chafya, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeweza kumtibu, hata mkewe, ambaye kwa siri alishonesha magauni yake kwa fundi wa mtaa wa pili.

Pamoja na hayo alikuwa na fahari yake, na hakuchoka kuitaja: tangu aanze kazi, hakuna bibi harusi aliyewahi kukosa gauni kwa sababu yake. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Mkono wake ulikuwa mzuri, mshono umenyooka, kola zinakaa shingoni bila kubembelezwa, na dakika ya mwisho, huku shangazi wa bibi harusi amekaa kizingitini analia, gauni lilitoka. Sasa mtu wa namna hiyo utamgombeza uanzie wapi?

Alhamisi moja asubuhi alikuwa na nguo ishirini na nane za kushona na hakuwa ameshona hata moja. Zilikuwa sare nyeupe za wahitimu wa chuo cha uuguzi, na mahafali yalikuwa Jumamosi, yaani keshokutwa. Bunda la kitambaa lilisimama kwenye kona, limefungwa vilevile kama lilivyotoka dukani. Kazi hiyo Fundi hakuipata kwa sifa zake. Binti yake wa kwanza alikuwa mmoja wa wahitimu hao, na ndiye aliyemwendea Matroni wa chuo akamsihi, akamdhamini baba yake mbele ya wenzake ambao wote walitaka fundi mwingine. Kwa hiyo sare zisipofika, atakayeaibika si Fundi, maana Fundi alishazoea. Atakayeaibika ni binti, kasimama ukumbini na nguo za nyumbani, na wenzake ishirini na saba wakimtazama yeye.

Vipimo vya watu wote hao vilikuwa ndani ya kompyuta. Kompyuta aliletewa na binti huyohuyo, miaka mitatu nyuma, ili aache kuandika vipimo kwenye makopo ya nyuzi na ukutani. Fundi aliipenda mno. Alipotoka chuoni kuwapima wale vijana, aliketi akaandika yote kwa kidole kimoja, bega, kifua, kiuno, urefu, kisha karatasi alizotoka nazo akawashia pasi ya mkaa. Ndivyo watu wa kisasa wanavyofanya, alimwambia mkewe.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa imezeeka. Ukiiomba faili moja unaweza kwenda sokoni, ukabishana bei, ukarudi, ukaikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Mtu mwingine angevumilia: afungue faili moja, akate nguo moja, na huku ya pili ikifunguka taratibu. Lakini mafundi wana ugonjwa wao. Siku kazi inapowabana ndiyo siku wanayokumbuka kupaka cherehani mafuta, kunoa mikasi na kupanga vifungo kwa rangi. Fundi alikuwa ameyafanya hayo yote Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi ikabaki kompyuta.

Binti alikuwa amemwachia flash yenye mfumo mpya wa kompyuta, mwepesi, wa bure. Saa mbili asubuhi Fundi alimpigia simu kumweleza kwamba leo ndiyo leo. Binti aliguna. Aliuliza kama ni lazima iwe leo, na Fundi akasema ni lazima, ili kazi iende mbio. Binti akamwonya kwamba mfumo huo hauna picha wala mapambo wakati wa kuuweka, ni maandishi matupu, hivyo asome kila neno kabla ya kubonyeza. Halafu akauliza kama vile vipimo alishavitolea nakala kwenye flash nyingine, kama alivyomwagiza.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Fundi. "Tangu juzi."

Hakuwa ametoa nakala yoyote. Alikuwa na nia ya kutoa, na kwa Fundi nia na tendo vilikuwa mapacha.

"Basi sikiliza, Baba. Ukifika panapouliza habari za diski, simama. Usiguse kitu. Naingia wodini sasa hivi, natoka saa nne, nitakupigia tuchague wote. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nitasimama."

Duka la jirani lilikuwa la Kinyozi, mtu ambaye halijapata kutokea jambo akakosa maoni nalo. Alipoona Fundi anapuliza vumbi kwenye kompyuta alimwacha mteja wake kitini, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, akaja kusimama nyuma ya Fundi na mashine yake ya kunyolea mkononi.

Flash ikaingia, kompyuta ikawashwa. Skrini ikawa ya buluu tupu, na katikati kikakaa kisanduku cha kijivu chenye maandishi. Jambo la kwanza ililouliza ni lugha, na Fundi alipoteremka chini ya orodha akakikuta Kiswahili kimekaa pale pamoja na wenzake, alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya harusi yake. Akakichagua. Kuanzia hapo kompyuta ikazungumza naye kwa Kiswahili cha adabu nyingi, kama karani mpya anayeogopa kufukuzwa kazi: Karibu kwenye kisakinishi. Tafadhali tumia vishale kupanda na kushuka, na kitufe cha Tab kuruka. Kipanya hakitumiki.

Fundi alikitikisa kipanya hata hivyo. Alikitikisa juu ya meza, akakitikisa juu ya paja, akakigeuza akakipuliza tumboni. Kinyozi akashauri kipanguswe kwa spiriti. Mwishowe Fundi akakubali kutumia vishale, lakini kwa kinyongo, maana ilikuwa sawa na kumfikia mtu kwa kuzunguka nyumba nzima wakati mlango uko wazi.

Tafadhali ipe kompyuta hii jina, ndivyo ilivyosema. Hapo kazi ikasimama kwa robo saa. Kinyozi alitaka iitwe Simba. Fundi akasema simba hashoni. Yule mteja wa nusu kichwa, ambaye sasa naye alikuwa amekuja na kitambaa chake shingoni, akauliza kwani hiyo mashine tabia yake ikoje. Fundi akafikiri akasema inauliza maswali mengi, haicheki, na ukikosea inakurudisha mwanzo. Wote watatu wakatazamana. Fundi akaandika "mama mkwe". Kisanduku kikamjibu kwa upole kwamba jina lisiwe na nafasi katikati, akaunganisha, na kompyuta ikaitwa mamamkwe na ikaridhika.

Neno la siri ndilo lililomtoa jasho. Alibonyeza herufi, na pale penye kuandikwa hapakutokea kitu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Kinyozi akatangaza kwamba kibodi imekufa. Fundi, ambaye amebonyeza kanyagio la cherehani maisha yake yote na anajua kwamba kisichotembea kinahitaji nguvu, akaibonyeza kwa gumba. Kumbe herufi zote zilikuwa zinaingia, ila zinafichwa. Kisanduku kikamtaka alirudie neno lilelile, na aliporudia kikamwambia maneno mawili hayafanani. Fundi aliumia. Ameshona mikono ya mashati isiyo na idadi, na hakuna aliyewahi kumwambia mkono huu na huu haifanani. Akajaribu mara tano. Ya sita Kinyozi akawa anamtajia herufi moja moja kwa sauti, na neno la siri likapita, likijulikana kwake, kwa Kinyozi, kwa nusu kichwa, na kwa foleni nzima iliyokuwa inasubiri kunyolewa.

Ndipo wakafika kwenye diski.

Ilikuwa saa tatu na robo. Kisanduku kilionyesha njia tatu: ya kwanza, tumia diski nzima, ya pili, tumia nafasi iliyo wazi, ya tatu, kwa mkono. Fundi akasimama kama alivyoahidi. Alisimama dakika nne hivi, na kwa Fundi hizo ni nyingi.

Tatizo ni kwamba alikuwa anasoma huku anafikiri kama fundi nguo. Kwa mkono? Alicheka kwa pua. Mtu ana cherehani ya umeme, na ya miguu ya akiba, kisha ashone kwa mkono? Mkono ni wa kupinda pindo na kukaza vifungo. Mwenye nguo ishirini na nane hashiki sindano. Nafasi iliyo wazi nayo aliijua vizuri. Ni yale mabaki ya fundi mwingine, anayokuletea mteja bahili akitaka yatoke shati, na maua ya mgongoni yanaelekea juu na ya kifuani yanaelekea chini. Lakini diski nzima! Fundi yeyote atakwambia hakuna raha kama kuwekewa mezani kitambaa kizima, hakijaguswa na mkasi wa mtu, ukate upendavyo. Kuhusu vipimo hakuwa na wasiwasi. Vipimo vilikuwa kwenye faili, na kitakachokatwa ni diski.

Akamweleza Kinyozi. Kinyozi akasema akili ni nywele, na za Fundi leo zimekaa vizuri.

Fundi akachagua diski nzima. Kisanduku hakikuridhika. Kikaja kingine, cheusi, kimeandikwa ONYO: kila kitu kilichomo kwenye diski hii kitafutwa na hakitarudi. Je, umeshahifadhi nakala ya mafaili yako mahali pengine? Chini yake yakakaa maneno mawili, Ndiyo na Hapana. Kilichomuudhi Fundi ni kwamba mwanga ulikuwa umeshasimama kwenye Hapana, kana kwamba mtu amemjibia. Neno hilo hajawahi kumwambia mteja. Tena swali lenyewe aliulizwa asubuhi na akalijibu, na mtu mzima habadilishi kauli yake. Akaupeleka mwanga kwenye Ndiyo, akabonyeza.

Ukatokea mstari, ukaanza kujaa taratibu. Juu yake paliandikwa: inafuta diski, asilimia tatu.

"Inafuta nini?" aliuliza Kinyozi.

"Vumbi," alisema Fundi.

Mstari ulikwenda vizuri mpaka thelathini na tatu, ukagoma hapo muda mrefu, kisha ukaruka. Nusu kichwa akaomba amaliziwe, anakwenda kazini. Saa nne kasorobo kisanduku cha mwisho kikatoa pongezi: hongera, usakinishaji umekamilika. Fundi alichomoa flash kwa madaha. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na kabla hajavuta pumzi ilikuwa imefunguka, nyepesi kama mlango uliopakwa mafuta. Akafungua hiki, ikafungua. Akafungua kile, ikafungua. Alicheka peke yake. Kisha akaenda kufungua folda ya Vipimo.

Kulikuwa na folda ya Nyaraka, tupu. Ya Picha, tupu. Ya Muziki, tupu. Zilikuwa safi kama vyumba vya nyumba mpya ambayo mwenyewe hajahamia. Fundi alizifungua zote mara mbili, halafu akachungulia nyuma ya kompyuta, sijui akitafuta nini huko. Kisha akakaa juu ya bunda la kitambaa.

Simu ikalia. Saa nne kamili.

"Baba, umefika wapi? Umesimama penye diski?"

"Imeshamaliza. Imesema hongera."

Binti akauliza, kwa sauti ya taratibu ya mtu anayemshika mgonjwa mkono, alichagua nini. Fundi akamwambia alichagua vizuri tu. Binti akauliza kama ile nakala ipo kweli, anaiona kwa macho yake. Na hapo, Mungu amsamehe, huku amekalia kitambaa ambacho hajui amkatie nani wala kwa kipimo gani, Fundi akasema ndiyo, ipo hapa, naiona. Simu ikakatwa. Akabaki ameishika, akajiona mtu duni sana.

Kinyozi alikuwa amesikia yote, na kama kawaida alikuwa na dawa. Shona zote saizi ya kati, alisema. Tia mpira kiunoni. Mwembamba atakaza, mnene atalegeza, na wauguzi wenyewe wamezoea mashuka. Fundi hakucheka. Kibaya zaidi ni kwamba kwa muda aliliwaza. Alishafika hata mahali pa kujiuliza atumie mpira wa upana gani. Lakini akamwona binti yake ndani ya gunia hilo, katikati ya magunia ishirini na saba mengine, na kila aliye ndani ya gunia anajua ni baba wa nani aliyeshona. Maji yakimwagika hayazoleki, ila aliyeyamwaga anaweza angalau kutoka akasema ni mimi. Alifunga duka. Kinyozi alipouliza anakwenda wapi, alisema anakwenda chuoni, na alipoulizwa anakwenda kusema nini, alisema hajui.

Alikwenda kwa miguu. Njia nzima ulimi wake ulikuwa unamtengenezea sentensi nzuri. Umeme ulikatika. Cherehani imevunjika ekseli. Kitambaa kimeingia panya. Zilikuwa sentensi zilizonyooka, hazina kasoro, na alizipita moja baada ya nyingine mpaka akafika getini.

Wanafunzi walikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi, wamezunguka kitanda alicholazwa mwanasesere wa plastiki, wakifundishwa kumgeuza mgonjwa bila kumwamsha. Matroni alikuwa mwanamke mrefu, saa kifuani, sauti ndogo ambayo haikuhitaji kupandishwa. Alipomwona Fundi mlangoni, kamba ya vipimo ikining'inia shingoni, vichwa vyote viligeuka, na cha binti kikainama.

"Karibu, Fundi," alisema Matroni. "Sare zimefikia wapi?"

Bado vifungo tu. Maneno hayo yalikuwa mdomoni, yameshika mlango. Fundi akameza mate, yakarudi.

"Sijaanza, Matroni," alisema. "Hata moja sijakata. Na vipimo nimevifuta asubuhi hii kwa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu alinikataza, na aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimdanganya. Yeye hana kosa."

Matroni alivuta kiti akakaa, kitu ambacho wanafunzi hawakuwa wamewahi kumwona akikifanya saa za kazi. Alimtazama Fundi kwa muda, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Mlikuwa na mshangao, kama wa muuguzi aliyeona mgonjwa wa mwaka mzima ameinuka ameomba chai.

Kisha akamwambia kwamba mahafali si Jumamosi hii. Ni Jumamosi ijayo.

Fundi hakuelewa. Akasema yeye aliambiwa hii. Matroni akakubali kwamba aliambiwa hii. Akamweleza, bila kumficha na bila kumcheka, kwamba ndivyo kila mtu anavyofanya naye. Ukimpelekea Fundi kitambaa, unamtajia siku iliyo kabla ya ile yenyewe. Mwenye haraka humdanganya wiki moja, mwenye busara wiki mbili. Hata kwaya iliyoshonewa sare ilifanya hivyo. Mabibi harusi wote walifanya hivyo. Shangazi mmoja, ambaye Matroni alimfahamu vizuri, alikaa kizingitini kwa Fundi akalia machozi ya kweli, na harusi ilikuwa bado siku kumi na saba.

Fundi alishika ubavu wa kitanda cha mwanasesere. Miaka ishirini na miwili alijiona ni mtu anayepishana na aibu kwa unywele na kuishinda, kumbe hakuwa amewahi kushinda hata mara moja. Watu walikuwa wamembeba, kila mmoja kwa uongo wake mdogo, wakampokeza na mwenzake, na yeye huku juu anajisifu kwamba anatembea vizuri. Ilimchoma. Ilimchoma hasa kwa sababu hakuona wa kumkasirikia.

"Na wewe nani alikushauri?" alimuuliza Matroni, ingawa hakutaka kujua.

Wanafunzi ni wanafunzi, macho yao yote yalikwenda mahali pamoja. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi alivua kamba shingoni, akaomba daftari na kalamu, akaomba wajipange. Aliwapima upya wote, mmoja mmoja, kando ya dirisha, na binti ndiye aliyeandika. Baba alitaja, binti akaandika: bega kumi na sita, kifua thelathini na nne, urefu arobaini na mbili. Wapo walioongezeka tangu wapimwe mara ya kwanza, na mmoja alipungua, naye alitaka kueleza kwa nini, Fundi akamwambia anyooshe mkono.

Walipofika ishirini na saba, Matroni alisogea, mikono nyuma, akauliza swali ambalo kila mteja huuliza. Kwa Jumamosi ijayo, zitakuwa tayari?

Fundi alitazama juu. Alikuwa anahesabu, na watu walimwona anahesabu, midomo inatembea. Kesho Ijumaa mpaka Ijumaa ijayo ni siku nane. Kwa siku nguo tatu, asipolala mchana, asipompokea mteja mwingine, umeme ukiwepo.

"Hapana," alisema. Neno lilitoka jembamba, kama halijawahi kutumika. "Nitafikisha ishirini na nne. Nne hazitawahi. Na siwezi kuacha za watoto wa watu nikamaliza ya wangu, kwa hiyo moja ya hizo nne itakuwa ya binti yangu."

Binti akaacha kuandika. Alimtazama Matroni, na Matroni akageuka, akaanza kukagua kwa makini shuka la mwanasesere, ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Alibaki yeye wa kupimwa. Akasimama mbele ya baba yake, kampa mgongo, mikono imelegea ubavuni, kama alivyosimama alipokuwa darasa la kwanza anashonewa sare yake ya kwanza. Fundi akaiweka kamba begani. Ndipo binti akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha, akampitishia nyuma bila kugeuka. Pembe zake zilikuwa zimelegea kwa kukaa mfukoni siku nyingi. Ndani mlikuwa na kadi ya mwaliko wa mahafali, na juu yake limeandikwa jina la Fundi, lile la kwenye kitambulisho, ambalo mtaani hakuna aliyelitumia. Akasoma tarehe. Haikuwa Jumamosi hii, wala Jumamosi ijayo. Ilikuwa ile inayofuata.

"Kumbe hata ile aliyoniambia Matroni sasa hivi," alisema Fundi polepole.

"Hata ile, Baba. Hii ndiyo yenyewe."

"Umekaa nayo tangu lini?"

"Wiki tatu. Wazazi wote walishapewa. Ya kwako nilisema nitakupa mwenyewe, na kila nikija dukani nairudisha mfukoni. Ningekupa, usingeanza mpaka siku yenyewe."

"Na leo unanipa kwa nini? Si nitakwenda nikalale?"

Binti aligeuka sasa, akamtazama.

"Umemwambia hapana," alisema. "Na ilikuwa ni nguo yangu."

Fundi akaiingiza kadi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaufunga kifungo. Akamgeuza binti yake taratibu amalizie bega. Alishika kamba, akainama kusoma namba, akaisoma tena, na ikabidi amwombe yeye mwenyewe ajisomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakutaka kukosea.